Pingili za Mzee Shomari

Kila asubuhi kabla ya shule, Sikudhani alikagua miche arobaini ya mihogo nyuma ya nyumba yao, Kibuta, akaandika daftarini mingapi mizima na mingapi migonjwa. Kazi hiyo alipewa na shangazi yake Hajira wa Sofu, Kibaha, aliyekuwa akisomea shahada ya pili ya bioteknolojia. Miche ile ya utafiti wake Hajira aliikuza mwenyewe maabara, ndani ya chupa, isiwe na ugonjwa.

Siku moja mbuzi wakala miche mitatu. Kwa kuogopa fimbo, Sikudhani alifanya kama wakulima wengi wa Kibuta: akakata pingili za mihogo shambani kwa jirani, mzee Shomari, akaziba mapengo. Daftarini akaandika, "Yote mizima."

Baada ya wiki chache majani yalijikunja, yakajaa mabaka ya njano. Ilikuwa batobato, ugonjwa wa mihogo unaosafiri na pingili, na ilikwisha kuenea. Hajira alikuja kuikagua. Kaka yake Adamu, baba yake Sikudhani, akang'oa mche mmoja.

"Shina jekundu! Hii ni mbegu ya Shomari. Katuharibia makusudi!"

"Kaka, subiri tupime kwanza."

Adamu hakusubiri. Alichukua mpini wa jembe, akamfuata Shomari uani kwake.

"Adamu, sijui lolote!"

Mpini ulimpiga begani, kisha kichwani. Mzee akaanguka, damu ikamjaa machoni. Yassin, mwanawe, akatoka mbio na panga.

"Umempiga baba yangu? Leo unakufa!"

"Ni mimi!" Sikudhani alipiga kelele. "Nilizipanda mimi!"

Yassin akasimama, panga likiwa juu. Adamu akamgeukia bintiye na mpini. Hajira akajitupa katikati, pigo likamvunja kidole.

"Mpige!" alisema akilia. "Kasema kweli, mpige, asirudie tena kuisema!"

Mpini ukadondoka. Yassin naye akashusha panga.

Zahanatini, Shomari alishonwa nyuzi saba. Adamu alipiga magoti akaomba radhi, mzee akageukia upande wa Sikudhani.

"Shikamoo, babu. Nisamehe," Sikudhani alisema.

"Marahaba. Ungesema siku ileile, wangepigwa mbuzi tu."

Sikudhani akamgeukia Hajira. "Shangazi, utafeli?"

"Nitachelewa mwaka mzima," alisema Hajira, mkono ukiwa na bendeji. "Chuoni nimejifunza kukuza mmea kwenye chupa na kusoma vinasaba vyake. Lakini ukiandika uongo, elimu yote hiyo inapotea. Ukikosea, andika kwamba umekosea. Na wewe, kaka, ukiona dalili, tafuta chanzo kwanza. Ulipiga kabla ya kuuliza, karibu uue mtu asiye na kosa."