Ukuta wa Jiko la Lenah

Rafiki yangu Mutuma, fundi wa Kiirua, aliitwa na mjane Lenah atengeneze ukuta wa jiko ulioporomoka na kumuua mumewe, Mzee Salesio. Mutuma mwenyewe ndiye aliyeujenga, udongo mwingi, simiti kiduchu. Siku zile mzee alikuwa akigonga kila mstari wa matofali kwa mkongojo mara tatu, anauliza, "Fundi, simiti imetosha?"

"Imetosha, mzee."

Safari hii hakupunja simiti. Jiko halikuwa na dirisha. Alipoziba pengo kwa tofali la mwisho, giza likamfunika. Ndani ya ukuta kukagongwa mara tatu, polepole.

Mwiko ukamtoka mkononi.

"Mjibu, fundi," Lenah akasema nyuma yake. "Tangu tumzike anauliza, na mimi mambo ya simiti siyajui."