Aliyeumia kwa Niaba Yake

Sindano ya cherehani ilizama kwenye kidole cha fundi, ikatokea upande wa pili, naye hakusema lolote. Aliyepiga kelele "Aaa, mama yangu!" alikuwa nyuma ya ile sanamu ya kuvalishia magauni, na pale nyuma hapakuwa na mtu.

Huyu fundi alikuwa na fahari moja ya kipuuzi. Tangu amzike mumewe, mwaka mzima sasa, alijizoeza kushona bila kuwepo. Mteja akimsifia, anajibu: "Mikono tu hiyo, dada. Mimi mwenyewe sipo." Jamani! Kiti ukikiacha wazi, wapo wapitao wakitafuta pa kukaa.

Basi akawa akinywa chai, anajua ni ya moto, anajua ina sukari, lakini pumzi ya utamu inashushwa kwenye kona ya ile sanamu, na kutoka huko inakuja harufu ya vumbi lililoungua. Siku moja mchana binti yake wa miaka minne alimrukia shingoni, na fundi akahisi uzito tu, basi, na kule kwenye kona kitu kikacheka chini chini, cheko la mtu anayekumbatiwa kwa mara ya kwanza, na mtoto akageuza uso, akatabasamu, akajinasua mikononi mwa mama yake, akaanza kutembea kuelekea kule kwenye kona akiwa ameinua mikono yote miwili. Fundi alimdaka. Alijua anapaswa kuogopa, na hofu yenyewe hakuiona.

Akamwita shangazi yake, mganga. Bibi yule aliketi kwenye kiti cha wateja, akaielekea kona, akauliza taratibu, "Wewe nani?"

"Nipo tangu kabla ya babu zenu," sauti ikajibu. "Miaka yote najua tu, sijawahi kuhisi hata baridi. Huyu alikuwa anahisi kila kitu, akajikimbia. Nimeokota."

"Rudisha."

"Kipi? Chai? Mtoto? Au kile kikubwa alichokitupa kwanza?"

Shangazi akamnong'oneza fundi, "Umesikia, mwanangu? Haviji kimoja kimoja. Ukimtaka mwanao, utapokea na hicho."

"Sitakiweza, shangazi."

"Huenda. Lakini mwangalie mtoto."

Mtoto alikuwa ameshafika kwenye kona, anabembeleza hewa, anaiita mama.

"Nipe vyote," fundi akasema. "Ni vyangu. Anayeumia ni mimi."

Kona ikatoa mlio mdogo wa kusikitisha, ikanyamaza. Kisha fundi akaanguka sakafuni, akapiga yowe ambalo mtaa ule haukuwahi kulisikia, huku amemkumbatia binti yake, machozi yanamwunguza mashavuni.

Majirani wakaja mbio, wakajazana mlangoni. "Kuna nini? Nani amekufa?"

"Mume wangu," akasema. "Mume wangu amekufa."

Wakatazamana. Wote walikuwepo mazikoni.