Boite ya Gari Langu na Vidole vya Shemeji

Ng'ombe watano. Hiyo ndiyo bei ya mkasa wangu, na wawili kati yao hawakuwa wangu. Ongeza vidole viwili vya mkono wa kuume... navyo pia havikuwa vyangu. Nimehesabu mara mbili, kama kawaida yangu, na hesabu haibadiliki.

Nahesabu kwa ng'ombe kwa sababu pesa yetu ya zaire, ndugu wasomaji, unailaza mfukoni jioni na asubuhi unaikuta imekonda. Ng'ombe angalau anakonda ukimwona.

Nina miaka arobaini na mmoja, baba wa watoto sita, mkaaji wa Kadutu hapa Bukavu. Kazi yangu ni kuteremsha makabichi na viazi hadi Kamanyola, na kupandisha mchele. Mama wauza mchele wakiniona wanaanza kunung'unika, kwa maana wanajua nitataka kipimo kirudiwe.

Miaka minne iliyopita nilinunua pick-up ya Kiamerika, kuukuu, yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Ilikuwa mali ya Mzungu mmoja wa Muhumba aliyekuwa anafunga masanduku arudi kwao. Nguvu ilikuwa nayo! Aibu yake ilikuwa moja tu: haikuwa na embrayage, ile pedali ya klachi. Boite yake, lile sanduku la gia, ilijibadilisha vitesi yenyewe, otomatiki. Madereva wa Kadutu walicheka. "Gari hiyo inajiendesha, wewe utakuwa abiria tu!" Mimi nilikichukua kicheko chao nikakipeleka Muhumba kama hoja: bwana, nani mwingine atanunua kitu hiki? Siku ya nne Mzungu alichoka. Nililipa nusu ya bei yake, kisha nikaomba na jeki. Akanipa, ili niondoke.

Anayejua njia ya Kamanyola anaijua Ngomo. Ukuta wa mlima upande mmoja, utupu upande wa pili, na barabara nyembamba katikati. Na anajua pia desturi yetu sisi madereva. Esanse, yaani petroli, ni haba, siku nyingine haipatikani kabisa. Kwa hiyo ukifika juu ya Ngomo unazima moteri, unaliacha gari literemke bure. Breki inakuwa ngumu, usukani unakuwa mzito, lakini esanse inabaki! Nilipima tanki kwa kijiti, nikapima tena. Karibu lita mbili kila safari! Nilijiona mwerevu kuliko Mzungu wangu.

Mwezi wa tatu tangu niinunue, nikipanda Ngomo na magunia kumi na mawili ya mchele, nilisikia harufu ya kuungua. Moteri ilinguruma, gari likasimama. Kisha... likaanza kurudi nyuma! Nyuma yetu palikuwa utupu. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili, nikaita majina ya watakatifu wote ninaowajua, na ni wachache. Mama mmoja aliyekuwa juu ya magunia aliruka akasukuma jiwe chini ya gurudumu. Aliniokoa roho. Nami nikamtoza nusu ya nauli.

Fundi wangu alikuwa Deo, mume wa mdogo wangu Nsimire. Mtu wa maneno machache na mikono safi. Hakuwahi kufungua boite ya otomatiki, lakini alikuwa mtu wa kufikiri. Alitandika shuka la Nsimire chini, akapanga kila kipande kwa mpangilio aliokitolea, akakichora kwa chaki kando yake. Ndani, diski zote zilikuwa nyeusi kama makaa.

Akaniuliza, bila kunyanyua kichwa: "Shemeji, unazimaka moteri kwa muteremko?"

Nikasema hapana.

Kwa nini nilisema hapana? Mtaniuliza hivyo, nami nimejiuliza mara nyingi kuliko ninyi. Ni kanuni yangu ya sokoni: fundi ukimpa kosa lako, anakuongezea bei. Basi nikalificha kosa kama mtu anavyoficha pesa ndani ya soksi.

"Una hakika?" akauliza tena.

"Deo, ulikuja kutengeneza gari ao kunifanyia confession kama padri?"

Alicheka, akaacha. Nikauza ng'ombe wawili. Deo akaenda Bujumbura kununua diski mpya, akaifunga boite, na gari likaenda kama siku ya kwanza. Nami nikaendelea kuzima moteri juu ya Ngomo.

Wiki saba tu! Harufu ile ile, mahali karibu pale pale. Nilivutwa na lori hadi Bukavu nikiwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa inatafuta mtu. Kesho yake nikapita nyumbani kwa Deo. Nikaona nini? Mabati mapya juu ya paa! Nikayahesabu: ishirini na mawili. Nikayahesabu tena. Ishirini na mawili. Fundi wa kuomba chumvi kwa jirani, ametoa wapi mabati?

Sikugonga mlango. Nilikwenda moja kwa moja parking ya soko la Kadutu, nikamkuta katikati ya madereva. Nikapiga kelele kwamba ni mwizi, kwamba aliniwekea diski za zamani akauza zile mpya, akamjengea mke wake kwa ng'ombe zangu. Madereva wote waligeuka kumtazama.

Deo alijipangusa mikono taratibu. "Shemeji, tufungue boite hapa hapa, mbele ya batu bote. Wataona diski ni zile zile nilizonunua."

Nilikataa! Kuifungua ni kazi ya siku mbili, na nani angelipa? Badala yake nilimwendea askari mmoja niliyewahi kumkopesha mchele. Deo akalala ndani siku tisa.

Siku ya tatu Nsimire alikuja kwangu, mtoto mgongoni. Hakulia. Alisema: "Kaka, mabati ni ya likelemba. Banamuke kumi na moja tunachangaka kila mwezi, na zamu yangu ilikuwa imefika. Ungeniuliza tu."

Nilimjibu kwamba mwizi hakosi mke wa kumtetea. Nilimwambia hivyo mdogo wangu, niliyemfundisha kutembea...

Wazee wa Deo huko Mudaka walitoa ng'ombe wawili wa kunilipa. Yeye akauza spana zake zote ili askari afungue mlango. Alipotoka hakuja kunitukana. Alichukua njia ya Mwenga, kuchimba dhahabu.

Mimi nikawauza ng'ombe wale wawili, nikaongeza mmoja wa kwangu, nikamwita fundi kutoka Bujumbura, muzee Salumu. Alikuja na boite nzima nyingine, akaifunga kwa siku nne. Kwa kuwa alikuwa anarudi kwao kwa njia ya Kamanyola, akapanda nami ili alisikilize gari njiani.

Juu ya Ngomo mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nikaachia vitesi, nikazima.

Muzee alikuwa anasinzia. Akafungua macho. "Moteri imezimika?"

"Nimezima mimi, muzee. Tunaokoa esanse."

"Washa!" Sijawahi kumsikia mzee akipiga kelele namna ile. "Washa, unaiua boite! Washa!"

Mbele yetu kona, na kwenye kona lori la ndizi likipanda. Breki ilikuwa jiwe. Nikazungusha ufunguo, moteri ikakohoa, ikafa. Nikazungusha tena... ikashika! Breki ikalainika, tukapita lori lile kwa nafasi ya kiganja, tukasimama.

Muzee aliongea polepole, kama anayemfundisha mtoto. Katika boite hii kuna pompi ya mafuta, na pompi hiyo inazungushwa na moteri. Magurudumu hayaizungushi. Moteri ikilala, pompi inalala, lakini vyuma vya ndani vinaendelea kuzunguka, vikavu, hadi vinaungua. Gari ya embrayage inavumilia. Hii haivumilii.

"Fundi wako wa kwanza hakukuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ulimujibu nini?"

Nikarudisha vitesi, nikaondoa gari.

Sasa sikilizeni jambo baya kuliko yote. Nilijua ukweli tangu siku ile, na nikanyamaza miezi saba! Kusema ilikuwa kurudisha ng'ombe. Kila jioni nilisema kesho.

Kisha habari ikaja kutoka Mwenga. Jiwe lilianguka shimoni, likausaga mkono wa Deo. Vidole viwili vilikatwa. Mkono ule ule wa chaki!

Aliporudi nilikwenda kwake na ng'ombe watatu, wawili badala ya wale wa wazee na mmoja wa fidia ya mkono. Nilimwambia yote mbele ya Nsimire. Deo hakushika kamba ya ng'ombe hata mmoja. Alisema wale wawili niwapeleke Mudaka kwa waliowatoa, na huyo wa tatu nirudi naye. "Mimi iko kitu ulinichukulia kule parking, mbele ya batu. Ukakitafute kule kule."

Ana haki. Vidole vinane vinatosha kufunga boite, lakini nani anampa gari? Hadi leo akipita parking, madereva wanahesabu spana zao.

Nimekwenda parking mara tatu. Mara ya kwanza nikaishia kubishania bei ya tairi. Mara ya pili walinisalimu vizuri mno. Mara ya tatu nilifungua mdomo, na mdomo huu ambao haujawahi kukosa neno sokoni... ukakosa.

Ndugu zangu, msimfiche fundi kosa lenu ili kupunguza bei. Msihesabu mabati ya mtu kabla ya kubisha mlango wake. Mimi nimechelewa.

Ninaombwa kitu kimoja tu, na hakiuzwi. Ninyi mliowahi kusimama mbele ya watu kumrudishia mtu jina lake, niandikieni: mlianza na neno gani?