Mabuti Yaliyobaki Mlangoni

Ndala za wageni zilikuwa zimelowa tena. Darina aliziokota kizingitini, zikachuruzika maji yenye harufu ya tope la mtoni, na mvua haikuwa imenyesha tangu Jumamosi.

Jumamosi hiyo ndiyo aliyobisha hodi mzee mmoja wa koti la kijani, akikimbia mvua ya mawe. Nyumba ya Darina iko chini ya lango la kasri bovu, juu ya mto Váh, na yeye ndiye anayewakatia watalii tiketi kabla hawajashuka kupanda vyelezo vya mtoni na kuoga kwenye chemchemi za moto. Wageni kawazoea. Akasema kile ambacho kila mwenye nyumba wa huku hukisema bila kufikiri: "Karibu, vua viatu, vaa ndala, hapa ni kwako."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Mgeni huyu alikunywa chai, akamchekea Vierka, binti wa Darina wa miaka sita, akaaga. Mabuti yake yakabaki mlangoni.

"Kasahau," alisema Darina.

"Mtu husahau mwavuli," alijibu mama mkwe wake, Paulína. "Mabuti anayasahauje, kaondoka na soksi?"

Darina alicheka siku hiyo. Siku ya nne hakucheka, maana Vierka alianza kukohoa, na kilichomtoka kinywani kilikuwa maji ya kijani.

"Mama," mtoto alinong'ona, "babu anasema kule kisimani kwenye kasri kuna vyumba vingi."

"Babu gani?"

"Wa chini ya kitanda. Koti lake linadondosha maji upande mmoja tu."

Paulína alipiga ishara ya msalaba. "Upande wa kushoto, mjukuu wangu?"

"Ee."

Bibi akamvuta Darina jikoni. "Bwana wa maji huyo! Jini la mto, kushoto kwake hakukauki! Ukiona viatu mlangoni, mwenyewe yumo ndani, nani hajui? Umemvisha ndala za nyumba, ukamwambia hapa ni kwake. Unadhani alitoka?"

"Nilimwona akitoka, mama."

"Uliona koti. Atamchukua mtoto, Darina. Tuvitoe viatu vyake leo hii, tukavitupe kisimani kwake. Usichungulie ndani ya mabuti, wala usigeuke nyuma."

Wakamwacha Vierka amelala. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, na chini bondeni watu wa vyelezo walikuwa wakiimba.

"Mazito haya mabuti, mama."

"Maji hayo. Twende."

Darina alipanda ngazi za kasri akiwa ameyakumbatia yale mabuti kifuani, jasho likimtoka na meno yakimgongana, akisikia nyuma yake miguu mitupu ikikanyaga jiwe baada ya jiwe, chwa, chwa, chwa, akitamani kugeuka na akijua kwamba akigeuka amempoteza mwanawe, mpaka akafika kwenye kile kisima ambamo watalii humimina kikombe cha maji na kuhesabu mpaka wasikie yakitua, akayaachia, akahesabu moja, mbili, tatu, hadi saba, ndipo kikasikika kishindo, na baada ya kishindo sauti nyembamba, kama ya mtoto aliyeshtuka usingizini.

"Njiwa," alisema Paulína haraka. "Njiwa tu. Tushuke."

Nyumbani ndala zilikuwa kavu. Vierka alikuwa mezani, hakohoi, akidai chakula. Darina alimkumbatia akalia kwa furaha. Mtoto alikuwa baridi kidogo, lakini homa ikishuka mtu hupoa.

Akaenda kufagia mlangoni. Palikuwa na viatu vyake na vya Paulína tu.

"Mama, vya Vierka umeviweka wapi? Vile vyekundu."

"Mimi? Vilikuwa hapo asubuhi, kando ya yale mabuti..."

Ukiona viatu mlangoni, mwenyewe yumo ndani; na vya Vierka havikuwapo. Darina aliukumbuka ule uzito kifuani, na kitu kidogo kilichokuwa kikigongagonga ndani ya mabuti kila alipopanda ngazi.

Jikoni, tone lilidondoka sakafuni. Likafuata la pili. Lilitoka kwenye pindo la gauni la mtoto, upande wa kushoto.

"Mama," sauti ya Vierka iliita kwa upole, "si ulisema hapa ni kwangu?"