Oili ya Rangi ya Asali

Kila Jumamosi, kabla chai haijamiminwa, binti mmoja wa miaka kumi na miwili alikuwa na kazi moja ya dakika tatu. Alitakiwa kufungua boneti ya gari la nyumbani, kuchomoa kijiti cha kupimia oili, kukifuta, kukitumbukiza tena, kukitazama, kisha kuandika katika daftari alichokiona. Dakika tatu tu! Kuna watu huchukua muda mrefu zaidi kupiga miayo.

Lakini binti huyu alikuwa na kinyaa. Babu yake alimpa jina la Bibi Afya, kwa jinsi alivyokagua vikombe kwenye mwanga kabla ya kunywa, na alivyonawa mikono hata baada ya kushika kitasa. Usafi ni jambo jema, hakuna anayebisha. Ila Bibi Afya aliuchukia hata uchafu wenye kazi yake, na hakuna alichokichukia kama oili. Iliteleza. Ilinuka. Iliingia chini ya kucha na kukaa humo kama mgeni asiyejua kuaga.

Daftari lilikuwa agizo la shangazi yake, dada wa baba, ambaye alikuwa fundi wa magari mwenye gereji yake mwenyewe. Siku gari liliponunuliwa alilikagua, akabadilisha oili, kisha akawakusanya wote uani.

"Msiidharau pilipili kwa udogo wake," alisema. "Hii ni injini ya petroli ya lita moja, silinda tatu tu, lakini ina nguvu za farasi mia moja na kumi. Siri ni turbo. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha gurudumu dogo, nalo linasukuma hewa nyingi ndani. Gurudumu hilo huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kinacholiokoa lisiungue ni oili. Oili ikipungua au ikigeuka tope, kwisha habari. Nataka mtu mmoja apime kila wiki, macho yale yale."

"Mpe Bibi Afya," babu akadakia. "Macho yake yanaliona vumbi kabla halijatua."

Wote walicheka, na binti akavimba kichwa. Gari hilo lilinunuliwa kwa ajili ya babu. Figo zake zilikuwa zimechoka, na mara tatu kwa wiki mama alimpeleka hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Siku moja ikirukwa, miguu ilimvimba na pumzi ikawa nzito. Baba alifanya kazi mbali na alirudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo mama na gari dogo ndio waliokuwa tegemeo.

Jumamosi ya kwanza binti alipima kweli. Oili ilikuwa mpya, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "Imejaa. Rangi ya asali." Jumamosi ya pili tone moja lilimdondokea kwenye kidole cha mguu, akakisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikawa nyekundu. Jumamosi ya tatu alifungua boneti, akasikia ile harufu, akaifunga tena. Aliandika: "Imejaa. Rangi ya asali." Ilikuwa rahisi ajabu. Basi akaandika hivyo Jumamosi iliyofuata, na nyingine, mpaka zikatimia Jumamosi tisa za uongo. Mvivu wa kawaida walau huona haya kidogo. Huyu alipiga mstari kwa rula chini ya kila tarehe!

Jumatatu moja asubuhi babu alikuwa ameshaketi kiti cha nyuma, mto mgongoni na shuka magotini. Mama alisimama kando ya gari akimpigia wifi yake simu, akiwa ameiweka kwenye spika.

"Wifi, tangu juzi ile taa nyekundu yenye picha ya birika inapepesa nikiwasha, halafu inazimika."

"Hiyo ni taa ya oili, si ya kuchezea," shangazi alijibu. "Daftari linasemaje?"

Mama alifungua daftari. "Jumamosi hii: imejaa, rangi ya asali. Iliyopita: imejaa, rangi ya asali. Kabla ya hapo pia."

Shangazi alishangaa. "Wiki zote hizo bado asali? Mbona oili yangu mimi huwa inazeeka? Labda ni sensa, kile kifaa kinachoiwasha taa, ndiyo inayodanganya. Hebu mwambie Bibi Afya apime sasa hivi. Kama si sawa, msiwashe kabisa. Ikiwa sawa, njooni taratibu, mimi nitawapokea hospitali."

Binti alijikokota hadi mbele ya gari. Alifungua boneti, akachomoa kijiti kwa ncha za vidole viwili. Lo! Hapakuwa na asali wala dalili ya asali. Kwenye ncha kabisa, chini ya alama ya mwisho, palining'inia ute mweusi, mzito, unaonuka petroli na kitu kilichoungua. Ulivutika kama kamasi kabla haujadondoka. Akageuza uso asitapike.

"Vipi huko?" mama aliuliza, ameshaketi nyuma ya usukani.

Angesema nini? Kwamba oili ya asali ya juzi imegeuka hivi kwa siku mbili? Nani angeamini?

"Sawa, mama," alisema, akafunga boneti.

"Bibi Afya ameshasema," babu alisema kwa furaha akijifunika shuka vizuri. "Twende, mama, wasije wakampa mtu mwingine mashine yangu."

Mama alizungusha ufunguo. Injini ilinguruma, na ndani yake ukatoka mlio wa kokoto zinazotikiswa kwenye mkebe. Taa nyekundu iliwaka, na safari hii haikupepesa. Mama alitia gia hata hivyo, kwa sababu aliambiwa ni sawa. Binti alimtazama babu yake, na miguu yake iliyovimba ndani ya kandambili, akaona barabara ndefu ambayo gari lingezimika katikati yake. Alijisikia kichefuchefu, na sasa si kwa sababu ya oili.

"Zima!" alipiga kelele, akaushika mlango. "Zima, mama! Si sawa! Nilikuwa sipimi!"

Mama alizima. Akatoa kichwa dirishani.

"Ulikuwa hupimi nini?"

"Oili. Tangu Jumamosi ya tatu. Niliandika tu. Na sasa hivi nimedanganya tena."

Mama alishuka, akachomoa kijiti mwenyewe, akakitazama. Kisha akamtazama binti yake, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Aliutazama ute na kumtazama mtoto kwa macho yale yale. Binti hajausahau uso huo mpaka leo.

Shangazi alikuja na pikapu yake baada ya karibu saa nzima. Babu alifika hospitali amechelewa, akasubiri mpaka mashine nyingine ipatikane, akihema kwa shida huku mama akimpepea kwa gazeti. Hakumlaumu mjukuu wake kwa neno lolote. Afadhali angemlaumu.

Mchana gari lilivutwa mpaka gereji. Shangazi alimwita binti, akampa glavu, akafungua bakuli la oili chini ya injini.

"Njoo uione asali yako."

Chini ya bakuli palikuwa pametanda tope jeusi zito kama uji ulioungua na kulala wiki nzima. Lilinuka. Ndani ya chujio, pale pampu inapovutia oili, palijaa tope hilo hilo pamoja na punje za mpira. Binti aliziba pua.

"Toa mkono puani," shangazi alisema. "Chota. Injini hizi ndogo za turbo zina magonjwa yake. Kwanza, safari fupi fupi: injini haipati moto wa kutosha, petroli inachuruzika ndani ya oili na kuiharibu. Pili, turbo ni moto sana, oili chakavu inaungua na kuganda. Tatu, injini ya aina hii mkanda wake wa mpira unazunguka ndani ya oili. Oili ikiharibika inautafuna, na punje zake zinaziba chujio. Pampu inakosa cha kunywa, turbo inakauka. Yote hayo ningeyaona mapema, laiti ungeandika neno moja tu: 'nyeusi'."

Binti alichota, machozi yakimchuruzika, tope likijaa kwenye glavu. "Turbo imekufa, shangazi?"

Shangazi aliingiza kidole, akakitikisa kigurudumu, akasikiliza. "Bado. Lakini mngefika nusu ya njia tu, na baba yangu angekaa kando ya barabara juani akisubiri nani? Gari hili lina sensa, lina taa, vyote vilisema kweli. Aliyedanganya ni mmoja tu, na ndiye tuliyemwamini sote. Hata mimi fundi nilitaka kuilaumu sensa kabla ya kukulaumu wewe!"

Kazi ilichukua siku tatu, na katikati yake shangazi alimpeleka babu hospitali kwa pikapu. Shangazi alisafisha injini, akaweka mkanda mpya, filta mpya na oili mpya, akaagiza oili iwe inabadilishwa mapema zaidi, maana safari za nyumba ile ni fupi. Gari likanguruma vizuri, na babu akarudi kwenye kiti chake cha nyuma.

Binti akapima kila Jumamosi, kwa vidole vyake, bila glavu. Aliandika alichokiona: imepungua kidogo, imeanza kuwa kahawia, inanuka. Lakini kila alipomaliza, mama alikuja, akachomoa kijiti na kupima upya. Jumamosi ya tano uvumilivu ulimwisha, akamlalamikia shangazi aliyekuja kumsalimu babu.

"Shangazi, mbona mama anapima tena nikishapima? Siku hizi sidanganyi!"

Shangazi alimkalisha kando yake.

"Injini niliitengeneza kwa siku tatu, mwanangu. Tope lake lilitoka kwa petroli na brashi. Uongo hautoki hivyo. Wewe uliogopa kuchafua vidole, ambavyo sabuni ipo, ukachafua neno lako, ambalo sabuni yake sijaiona dukani. Usimkasirikie mama yako. Endelea kusema kweli, hata ile inayonuka, mpaka siku atakapochoka kupima."

Binti alitazama nje. Uani mama alikuwa ameinamia injini, kijiti mkononi, akikitazama kwenye mwanga.