Mzizi Uliopigiwa Kelele

Aneth alizima beseni la mawimbi ya sauti pale maabara, akachomoa na waya ukutani, lakini maji ndani yake yakaendelea kutetemeka. Yalitetemeka hadi akamaliza kunawa mikono na kuvua koti, na chumba kizima kikanuka maziwa yaliyoungua. Alijiambia ni uchovu tu.

Ilikuwa mwaka 1994, soko huria limepamba moto, na maabara yao ya dawa za miti pale Makole ilikuwa ikitafutiwa mwekezaji kama mbuzi anayetembezwa mnadani. Wenzake tisa walikwisha kupunguzwa kazi. Waliobaki walitakiwa waonyeshe kitu, na Aneth, mjane mwenye mtoto mmoja, alikuwa nacho: mzizi wa degedege aliopewa na Bibi Yudith, mganga wa Ihumwa. Alipewa bure, kwa kuaminiwa, na kwa sharti moja.

"Usiutwange, usiusage, wala usiupigie kelele," bibi alimwambia. "Kuna aliyelala humo. Ndiye anayewatuliza watoto. Ukimwamsha, utamlaza wapi?"

Aneth aliahidi, na kusema kweli hakutaka kumvunjia bibi heshima. Kinu cha maabara kilinguruma kama mashine ya kukoboa, akakiacha. Aliukata mzizi kwa kisu, taratibu, akautia kwenye chupa zenye spiriti, akazisimamisha ndani ya beseni, ambalo hukamua dawa kwa mtikiso wa sauti nyembamba mno, sauti isiyosikiwa na sikio la mtu. Alijiona mjanja. Chuoni hakuna aliyemwambia kwamba kuna masikio mengine.

Jioni hiyo, nyumbani Mkonze, alimkuta Cecilia, binti yake wa miaka sita, amejiziba masikio.

"Mama, mwambie anyamaze."

"Nani, mwanangu?"

"Huyu anayelia. Umekuja naye."

Aneth hakusikia kitu. Lakini maji ya kwenye ndoo yalikuwa yakitetemeka, na harufu ya maziwa yaliyoungua ilikuwa imejaa ndani ya nyumba ambayo tangu asubuhi haikuwashwa moto, na popote alipomkimbiza mtoto, uani, kwa jirani, kanisani kwa mchungaji aliyemwekea mikono kichwani na kuomba hadi jasho likamtoka, mtoto alizidi kujiziba na kusema kwa sauti ya chini kwamba anakaribia, mama, anakaribia, mpaka kulipokucha akaacha kusema, akawa anatazama midomo ya watu wanapozungumza.

Aneth akampeleka Ihumwa.

"Shikamoo, bibi."

Bibi Yudith hakuitikia. Alimtazama mtoto. "Mlimpigia kelele."

"Bibi, palikuwa kimya! Mimi mwenyewe sikusikia chochote."

"Kwani wewe ndiye uliyelala humo?" Bibi akashusha sauti. "Niletee mzizi na kila kilichotoka ndani yake, leo hii. Lisipungue hata tone moja. Nitamlaza upya, na masikio ya mtoto yatafunguka."

Chupa sita zilikuwa mezani kwa Dokta Ludovick, mkuu wa maabara.

"Dokta, naomba hizo chupa. Mwanangu anaumwa."

"Aneth, usinichekeshe. Mwekezaji anafika kesho saa nne. Zikikosekana, jina lako nalipeleka mwenyewe kwenye orodha ya wanaopunguzwa."

Angeweza kuzichukua. Dokta alitoka kwenda kula, mlango ukabaki wazi, na Aneth akasimama mbele ya zile chupa akiwafikiria wenzake tisa waliokuwa sasa wakiuza vitumbua na mitumba. Siku moja tu, alijisemea. Mgeni aone, aondoke. Aibu ya mawazo hayo haijamtoka mpaka leo.

Kesho yake mgeni aliona, akafurahi, akaondoka na chupa moja mkobani. Dokta akampa Aneth mkono, akamwambia kazi yake iko salama. Zile tano hakuziulizia tena. Aneth akazifunga kwenye khanga pamoja na vipande vya mzizi, akambeba mtoto mgongoni, akakimbilia Ihumwa.

Bibi alizimimina zote juu ya mzizi, akafunika kwa udongo, akaimba Kigogo kwa sauti ya chini sana. Harufu ya maziwa ikakatika. Maji kwenye kibuyu yakatulia. Cecilia akashusha mikono, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu juzi, na Aneth akapiga magoti akilia kwa furaha.

"Ameondoka, bibi?"

"Mzizi umepunguka, ameukataa." Bibi alikuwa akitazama pembeni. "Ametafuta mwenyewe mahali penye kimya. Amepapata."

Aneth akageuka. "Cecilia!"

Mtoto alikuwa akichora chini kwa kijiti. Aneth akaita tena, akaita tena, akamshika mabega na kumgeuza, akazidi kuliita jina lake kwa nguvu zote alizokuwa nazo, mpaka mbuzi wakashtuka zizini.

Cecilia aliutazama mdomo wa mama yake uliokuwa wazi, akauziba kwa kiganja chake kidogo.

"Nyamaza, mama," akanong'ona. "Amelala."