Gari la Njano Lina Mwenyewe

Mchana ule kituo cha mafuta kilifurika magari mpaka barabarani, na honi zilipigwa utadhani kuna harusi. Mwokaji alisimama kando ya gari lake la mizigo lililokufa ghafla, aproni nyeupe kifuani, amekumbatia keki ya ghorofa tatu iliyoanza kulegea kwa jua. Kila dereva aliyemwomba lifti aliitazama ile keki, akapandisha kioo. Aliyesimama ni mwanamke mwenye gauni la bluu na miwani ya jua, ndani ya gari la mbio la njano, la milango miwili, lililokaa chini karibu ligusane na lami.

"Panda," alisema. "Ila krimu ikimwagika, viti utaviramba mwenyewe."

Mwokaji alipanda kwa tabu, keki mapajani. Mhudumu wa pampu alimaliza kujaza mafuta yaliyolipwa na mwanamke, kisha akazunguka gari zima kwenda kumrudishia Mwokaji chenji, akamsifu kwamba gari lake ni kali. Hebu fikiria. Mwanamke ameinamia vinywa vya watu miaka na miaka, kang'oa na kuziba meno hadi mgongo ukapinda, kanunua gari la ndoto yake, halafu mtu asiyejua hata nauli ya kufika hapo ndiye anayepongezwa. Na si siku hiyo tu. Popote alipoegesha aliulizwa kama ni la mumewe au la baba yake.

Njiani alimwambia yeye ni daktari wa meno. Mwokaji akasema basi wao ni wabia: yeye anaharibu, mwenzake anang'oa. Daktari alicheka mpaka akasahau tuta. Keki ilifika ukumbini imeinama kidogo, na namba za simu zilikuwa zimeshabadilishana mikono.

Mapenzi yakanoga. Kila mchana simu ililia kliniki, Mwokaji akitaka kujua kama Daktari wake amekula, na Daktari akimwita mwenye sukari zake kwa sauti iliyowafanya wauguzi waangaliane. Jumapili walizunguka mji, Daktari kwenye usukani, Mwokaji pembeni akichagua muziki.

Ndipo akajitokeza Dalali wa magari. Alikuwa na mteja anayekusanya magari ya zamani na analitaka lile la njano kufa na kupona. Badala yake angempa Daktari gari jingine la mbio, la rangi ya fedha, jipya, otomatiki. Gari kwa gari. Daktari hakulikataa. Goti la kushoto lilimuuma kwa kukanyaga klachi kwenye foleni, na mvua ikinyesha paa lilivuja. Alilijaribu lile la fedha, likateleza barabarani bila kelele, akalipenda. Akasema atafikiri.

Lakini nani alimwacha afikiri? Shangazi yake alisema abadilishe kwa sababu gari la viti viwili halina nafasi ya mtoto, wakati na hilo jingine lilikuwa na viti viwili vilevile. Kaka yake alisema asibadilishe. Mwokaji ndiye aliyezidi. Leo njano ni rangi ya kitoto, kesho vipuri havipatikani, keshokutwa eti moshi. Daktari akaanza kujiuliza kama mwenzake anamwonea aibu.

Siku moja, mgonjwa akiwa ameachama kitini, simu ikalia mfululizo mpaka akaipokea.

"Shemeji, Jumamosi niletee kadi ya gari," alisema Dalali. "Mzee wako ameshanijibu. Kasema mmekubali."

Mgonjwa yule husimulia hadi leo kwamba hajawahi kung'olewa jino upesi vile. Daktari alivua glavu, akampigia Mwokaji.

"Nani kakubali?"

"Mpenzi, nilitaka kukurahisishia tu."

"Nimeuliza nani kakubali."

Mwokaji akajiumauma, akasema alimwambia tu kwamba wanaelekea huko.

"Umeigawa gari yangu kwa simu, kama vile mimi sina mdomo. Usinipigie tena."

Jumamosi alikwenda mwenyewe kwenye yadi ya magari ya Dalali kumpa jibu lake. Alivaa suti nyekundu, nywele kazibana, uso umekunjamana. Alimkuta Mwokaji kishafika, amekuja kufuta kauli yake, na Dalali anamcheka kwamba anaogopa mwanamke. Gari la njano lilikuwa limeziba lango, mteja mmoja nyuma akipiga honi. Dalali aliuchukua ufunguo aliouweka Daktari mezani, akamrushia nani? Mwokaji, bila shaka. Akamwambia alisogeze.

Mwokaji akajikaza kisabuni, akaingia. Gari likaruka kama chura, likazimika. Akawasha, likaruka, likazimika. Waosha magari wakaweka ndoo chini wapate kucheka vizuri. Mwishowe alishuka, jasho likimchuruzika, akamwendea Daktari mbele ya wote.

"Sijui kuendesha gari la gia. Sijawahi kujua, langu la mizigo ni otomatiki. Siku kaka yako aliponipa ufunguo niendeshe, nilisingizia mguu unauma. Wenzangu wananiita mke wa dereva. Lile la fedha ningeliweza."

Hasira za Daktari hazikushuka, zilipanda.

"Kwa hiyo ukaona heri nibadilishe gari kuliko wewe useme neno moja? Mficha uchi hazai, hujasikia? Ningekucheka kidogo, halafu ningekufundisha."

"Najua. Nimekukosea, na si kidogo. Nimejibu pasipo kuulizwa."

Dalali akakohoa, akamwomba Mwokaji aongee na mama vizuri, biashara isiharibike.

"Gari si yangu," alisema Mwokaji. "Muulize mwenyewe. Na umwangalie yeye unapomuuliza."

Dalali akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama Daktari usoni.

"Ile ya fedha ni nzuri," alisema Daktari, "lakini inafanya kila kitu yenyewe, mimi nakaa tu kama abiria. Sibadilishi."

Akamwambia Mwokaji aingie, hajamaliza kumgombeza. Na kweli alimgombeza tangu langoni hadi mzunguko wa pili, na Mwokaji akayapokea yote bila kujitetea. Kwenye foleni, Daktari alipomaliza, Mwokaji akasema:

"Nataka kukuoa. Sijamwambia mtu. Hata mama sijamwambia."

Daktari alikanyaga klachi, akabadilisha gia.

"Nitafikiri."

Mwokaji alifungua kinywa. Sababu alikuwa nazo tele, kama kawaida yake. Akakifunga. Foleni ikasogea, ikasimama, ikasogea tena, naye kakunja mikono, midomo kaibana, anatazama mbele. Daktari alimwibia jicho mara kadhaa. Mpaka wanafika mlangoni pa duka la keki hakuwa ametia neno. Alishukuru kwa kuletwa, akashika kitasa.

Daktari akamshika mkono wa shati.

"Nimekubali," alisema. "Mimi."